Mswaki uandikwe kwenye chati

Ndugu wa mgonjwa aliyelazwa ICU hakosi karatasi mkononi. Ni orodha ya mahitaji anayokabidhiwa siku ya kwanza, mara nyingi imeandikwa harakaharaka nyuma ya fomu ya maabara: pampasi za watu wazima, sabuni ya kuogea, taulo dogo, mafuta ya kupaka, vitambaa vya kufutia, glavu boksi moja, uji mwepesi uliochujwa wa kupitishia kwenye mpira wa puani. Nimeziona orodha hizo katika hospitali zaidi ya moja, za serikali na za mashirika ya dini, hata nimezikariri. Mswaki humo hamna. Ukiukuta mswaki kando ya kitanda, jua kuna mama aliyeuleta kwa akili yake mwenyewe, ukawekwa juu ya kabati, na siku mgonjwa anatoka, kwa miguu au kwa machela, bado umo ndani ya gamba lake la plastiki.

Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Tanga, na sehemu kubwa ya kazi yangu nimeifanya pembeni ya mashine za kupumulia. Nina neno moja tu, nalo nitalisema kwa ukali kidogo kwa sababu kwa upole limeshasemwa sana kwenye semina na halikufika popote. Kumsugua meno mgonjwa mahututi ni tiba. Jambo hili halipaswi kuhesabiwa pamoja na kutandika shuka, wala kusubiri zamu ipoe. Daktari aliandike kwenye chati kama anavyoandika dawa, muuguzi aliyelifanya atie saini, na mswaki wenyewe ununuliwe na hospitali.

Wengi wetu, wasomi wakiwamo, tunaamini kinywa kisichokula hakichafuki. "Sista, huyu hali kitu kwa mdomo, sasa mnamsafisha nini?" Swali hilo nimeulizwa na mwalimu, nikaulizwa na mhasibu, na siku moja nikaulizwa na daktari kijana aliyekuwa mafunzoni. Mambo yako kinyume kabisa. Mtu mwenye afya akitafuna, ulimi unazunguka, mate yanatiririka, kinywa kinajiosha chenyewe. Kwa siku moja mtu mzima hutoa mate kati ya nusu lita na lita moja na nusu, na ndani ya mate hayo mna kinga ya kupambana na vijidudu. Mgonjwa aliyewekewa mpira wa kupumulia hatafuni, hamezi, hatemi. Mdomo unabaki wazi saa 24 kwa kuwa mpira umepita katikati yake. Dawa kadhaa tunazompa nazo zinayakausha mate. Siku ya pili ulimi umekauka umepasuka, siku ya tatu ukoga umeshika kwenye fizi, na siku ya nne ukimwinamia unasikia harufu ambayo ndugu zake huidhania ni ya ugonjwa.

Na ukoga wenyewe si ule wa nyumbani. Mwaka 1992 Frank Scannapieco na wenzake wa Buffalo, jimbo la New York, walichapisha utafiti uliopaswa kutushtua sote. Waliwalinganisha wagonjwa wa ICU na watu waliokuja kliniki ya meno kwa miguu yao. Vijidudu vya aina inayoleta nimonia hospitalini vilikutwa vinywani mwa asilimia 65 ya wale wa ICU. Kwa wale wa kliniki ilikuwa asilimia 16. Yaani mtu akilazwa mahututi, ndani ya siku chache wakazi wa kinywa chake wanahama, wanaingia wapangaji wapya waliokomaa kwa antibayotiki za wodini.

Kutoka kinywani kwenda mapafuni ni safari fupi. Mpira wa kupumulia unapita katikati ya nyuzi za sauti, mahali ambapo kwa kawaida pana mlango unaojifunga mtu anapomeza. Karibu na ncha ya mpira kuna puto dogo tunalolijaza hewa ili lizibe nafasi iliyobaki. Puto hilo linatakiwa liwe na shinikizo la sentimita 20 hadi 30 za maji. Likizidi linaumiza njia ya hewa, likipungua linavuja. Lakini hata likiwa sawasawa lina mikunjo, na mate machafu yaliyotuama juu yake hupenya kwenye mikunjo hiyo, tone baada ya tone, usiku na mchana. Mwenye mwili hawezi hata kukohoa. Nimonia ikijitokeza baada ya saa 48 za kuwa kwenye mashine, wataalamu wanaiita nimonia ya mashine. Mashine ya watu inabeba lawama ya kinywa.

Sasa kazi yenyewe inafanywaje? Nitaieleza pole pole, kwa kuwa wanaosema haiwezekani wengi wao hawajapata kuiona ikifanywa vizuri.

Kwanza naangalia kichwa cha kitanda kimeinuka nyuzi 30 au zaidi. Napima shinikizo la puto. Nasoma namba ya mpira pale unapopita kwenye meno ya mbele, tuseme 22, naikumbuka, kwa sababu nikimaliza nitaisoma tena na ni lazima iwe ile ile. Mwenzangu anashika mpira kwa vidole viwili pembeni ya mdomo, na hauachi mpaka mwisho. Kisha naongea na mgonjwa. "Mzee wangu, shikamoo. Nakusafisha kinywa sasa, utasikia maji ya baridi kidogo." Amelazwa usingizi wa dawa, hajibu, lakini kusikia anaweza kusikia, na mtu anayeingizwa kitu mdomoni bila kuambiwa hung'ata. Nachukua mswaki wa mtoto, wenye kichwa kidogo na nyuzi laini, nauchovya kwenye maji safi. Naanza meno ya juu upande ulio mbali na mpira, pale fizi inapokutana na jino, kwa miduara midogo. Mkono wa pili umeshika mrija wa sakshani, unafyonza kila kinachotoka, hakuna tone linaloachwa lishuke. Naja upande wa ndani. Nasugua ulimi kutoka nyuma kuja mbele, taratibu, nisiamshe kichefuchefu. Nasugua paa la kinywa, ambalo kila mtu hulisahau, na huko ndiko nilikowahi kubandua utando wa kahawia mgumu, umekaa kama ukoko wa wali chini ya sufuria. Tunauhamisha mpira upande wa pili wa mdomo ili usitoboe kidonda pembeni mwa midomo, tunabadilisha plasta, nasugua upande uliobaki. Nafyonza tena. Nasoma namba: 22. Naosha mswaki, naukausha, nausimamisha kwenye kikombe chenye jina la mgonjwa.

Dakika tano. Kwa mgonjwa mwenye meno mengi na mdomo mgumu, kumi.

Kinachofanyika katika wodi nyingi ni kitu kingine. Gozi inaviringwa kwenye kidole au kwenye koleo, inachovywa kwenye maji ya chumvi au dawa ya kusukutulia, inapitishwa mara mbili tatu juu ya midomo na meno ya mbele, basi. Gozi inaondoa ute, ukoga hauuondoi. Hata vijiti vya sponji vinavyokuja ndani ya pakiti za msaada kutoka Ulaya haviwezi kufanya kazi ya mswaki juu ya jino, ingawa kwa kulowanisha ulimi vinafaa.

Hiyo dawa ya kusukutulia nayo ina kisa chake, na kisa hicho ndicho kinachonifanya niandike kwa kujiamini. Mwaka 1996 watafiti wa Indiana, Marekani, wakiongozwa na Anthony DeRiso, waliwapa wagonjwa wa upasuaji wa moyo dawa ya kusukutulia ya klorheksidini. Walikuwa wagonjwa 353, na maambukizi ya hospitalini yalishuka kwa asilimia 65. Dunia ikachangamka. Klorheksidini ikaingia kwenye miongozo, kwenye mabango ya ukutani, kwenye mafunzo ya wauguzi wa Dar es Salaam na Nairobi kama ilivyoingia London. Ni rahisi kuipenda: chupa ina lebo, ina dozi, mfamasia anaitoa, daktari anaiandika. Ina sura ya dawa. Mswaki una sura ya bafuni.

Lakini wale wa mwaka 1996 walikuwa wagonjwa wa moyo, wengi wao waliokaa kwenye mashine kwa muda mfupi. Mwaka 2014 wachambuzi wawili tofauti, mmoja Marekani na mwingine Uingereza, waliyakusanya majaribio yote wakayapima upya, na wote wawili wakatoka na wasiwasi: nje ya upasuaji wa moyo faida ilikuwa ya kutiliwa shaka, na kulikuwa na dalili kwamba waliopakwa dawa hiyo walikufa zaidi kidogo. Mwaka 2018 hospitali moja ya Ghent, Ubelgiji, ilipitia kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 80,000, ikakuta dalili inayofanana. Mwaka 2021 Wakanada wa Toronto wakafanya jambo la busara: katika ICU sita waliiondoa klorheksidini na mahali pake wakaweka usafi wa kinywa wa mpangilio, mswaki ukiwamo. Vifo havikuongezeka wala kupungua, ila vinywa vya wagonjwa viliboreka. Mwaka uliofuata vyama vya wataalamu wa kudhibiti maambukizi vya Marekani vikabadilisha mwongozo wao: piga mswaki kila siku, klorheksidini acha.

Pigo la mwisho lilitoka Boston, Desemba 2023. Selina Ehrenzeller na Michael Klompas walikusanya majaribio 15 yaliyolinganisha wagonjwa waliosuguliwa meno na wasiosuguliwa. Nimonia ya hospitalini ilipungua kwa theluthi moja. Vifo vya ICU vilipungua kwa karibu moja ya tano. Waliosuguliwa walitoka kwenye mashine mapema na wakahama ICU mapema, na faida kubwa ilionekana kwa wale waliokuwa kwenye mashine. Na kuna jambo jingine wodi zetu zenye uhaba zinapaswa kulibandika ukutani: kusugua mara mbili kwa siku kulitosha, mara ya tatu haikuongeza kitu.

Sijui dawa ngapi zilizoko kwenye kabati letu la ICU zinaweza kujigamba kwa matokeo hayo. Kama kampuni ya dawa ingegundua kidonge cha namna hiyo, tungekisikia redioni. Kwa kuwa ni mswaki, hakuna mwakilishi wa mauzo atakayekuja na kalamu za bure.

Huwa nasikia pingamizi tatu. La kwanza ni uhaba wetu. Ni kweli kabisa. ICU inatakiwa iwe na muuguzi mmoja kwa mgonjwa mmoja, wakizidi sana wawili. Usiku kwetu mmoja anabeba watatu, wanne. Najua uzito wa zamu hiyo, najua na maumivu ya mgongo saa kumi alfajiri. Ila tuhesabu pande zote mbili. Mswaki mara mbili ni dakika kumi hadi ishirini kwa siku. Mgonjwa huyo akishikwa na nimonia, mapafu yanajaa makohozi mazito na sakshani inahitajika kila saa, usiku kucha. Homa inapanda, damu inachukuliwa ya kuotesha, picha ya kifua inapigwa kitandani na watu wanne wa kumwinua. Inaanzishwa antibayotiki ya meropenemu mara tatu kwa siku, kila dozi ikiandaliwa na mikono ile ile michache. Siku za mashine zinaongezeka, na kitanda kinachosubiriwa na mtu mwingine aliyeko chumba cha dharura hakipatikani. Kuruka mswaki hakumwokolei muuguzi muda wowote.

La pili ni hofu ya mpira kuchomoka. Hofu hiyo ni ya haki, mpira ukichomoka saa mbaya ni kifo. Ndiyo maana nimesema kuna mtu wa kushika na kuna namba ya kusoma kabla na baada. Tunamgeuza mgonjwa kila saa mbili, tunabadilisha shuka chini yake, tunampeleka kwenye CT kwa lifti inayokwama, na hakuna anayesema tuache hayo kwa sababu ya mpira.

La tatu huwa halisemwi wazi, bali limo kwenye nyuso: kinywa ni kazi ya chini. Mtu amesoma shahada, anajua kusoma vipimo vya gesi za damu, halafu umwambie ashike mswaki wa mtoto wenye picha ya sungura? Hapo ndipo ninapomwomba daktari aandike. Katika wodi zetu jambo lililoandikwa na daktari lina heshima ambayo jambo la uuguzi halina. Hilo silipendi, lakini ndivyo lilivyo, na mgonjwa hawezi kusubiri tubadilike tabia.

Kuandika peke yake nako hakutoshi. Niliwahi kushika chati ya wodi fulani yenye safu ya usafi wa kinywa, imetiwa vema mara sita kwa saa 24, vema zote sita zimelala upande mmoja kwa wino mmoja wa kijani, na mgonjwa mwenyewe ulimi wake ulikuwa mweusi. Vema haitoshi. Chati iulize kilichoonekana. Kipo kipimo kinachojulikana kwa jina la Beck, kinachotazama mambo matano: midomo, fizi na ngozi ya ndani ya kinywa, ulimi, meno, mate. Kila kimoja kinapewa alama 1 hadi 4, kwa hiyo kinywa kizima kinapata 5 na kilichoharibika kabisa kinapata 20. Kikiwa 8 asubuhi na 13 kesho yake, kwenye raundi mtu ataulizwa kulikoni. Na huwezi kuandika 13 bila kufunua mdomo ukatazama.

Nitoe kisa kimoja. Mzee mmoja, fundi wa majahazi enzi zake, aliletwa na kiharusi akawekwa kwenye mashine. Mkewe, bibi wa makamo yake, alikuja saa ya kuona wagonjwa akiwa na mswaki wa mti umefungwa kwenye pindo la kanga. Akanivuta pembeni. "Mwanangu, huyu bwana hajapata kuswali alfajiri na mdomo mchafu tangu nimjue. Mtume mwenyewe katika maradhi yake ya mwisho Bi Aisha alimlainishia mswaki akampa. Wewe leo waniambia mume wangu hapigi mswaki kwa kuwa yumo hospitali?" Nikamwambia, "Shikamoo bibi. Hujakosea. Ila mti huu nyuzi zake hukatika, zaweza kumwangukia kooni. Tununulie wa mtoto, laini kabisa, na kesho uje ushike mkono wake wakati namsugua." Alikuja. Tulipofika kwenye ulimi, mzee akaung'ata mswaki akakataa kuuachia, na bibi akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ushungi: "Huyo ndiye, ndiye bado yumo."

Baadaye jioni alinieleza jambo ambalo sijaweza kulijibu. Yeye kwao huosha maiti wa kike. Alisema mwoshaji huviringa kitambaa kidoleni, akamsafisha marehemu meno na pua kwa upole kabla ya kummwagia maji, na hapana anayeuliza marehemu amekula nini. Kwetu Pwani kila Mwislamu anatarajia kufanyiwa hivyo. Basi ni ajabu kwamba meno yanapewa haki yake pale pumzi ikishakatika, na siku kumi zilizotangulia, pumzi ikiwamo, hayakupewa.

Yule bibi pia ndiye aliyeuliza meno bandia ya mumewe yako wapi. Hakuna aliyejua. Yalitolewa mapokezi, yakawekwa ndani ya glavu, glavu akapewa kijana aliyemsindikiza, na hakuna mstari uliojazwa. Ndugu wasomaji, mkimleta mtu mahututi, semeni mapema kama ana meno bandia au jino linalolegea. Jino lililolegea likidondoka wakati wa kuwekewa mpira, linaweza kushuka hadi mapafuni.

Wenzetu wa Brazil wamekwenda mbali zaidi. Tangu mwaka 2010 kanuni za mamlaka yao ya afya zinataka ICU iwe na huduma ya meno pembeni ya kitanda. Katika mji wa Ribeirão Preto walilijaribu jambo hilo kwa wagonjwa 254: nusu walipata usafi wa kawaida wa wauguzi pamoja na klorheksidini, nusu waliongezewa daktari wa meno aliyekuja kusugua, kukwangua ukoga mgumu, kuziba matundu, kung'oa yaliyooza. Maambukizi ya njia ya hewa yalikuwa asilimia 18.1 kwa kundi la kwanza na asilimia 8.7 kwa la pili. Sisi tunao madaktari wa kinywa na meno na matabibu wa kinywa na meno katika hospitali zetu. Kila tarehe 20 Machi, Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani, nawaona wakipanda magari kwenda shule za msingi, fulana nyeupe, dawa za meno za kugawa. Vizuri sana. Kliniki yao na ICU viko ndani ya uzio mmoja. Sikumbuki kumwona mmoja wao akipanda ngazi kuja kumfunua mdomo mgonjwa wetu pasipo kuitwa, na kuitwa kwenyewe ni pale jino linapotoka damu isiyokoma. Siwalaumu wao tu. Hakuna aliyewaandikia kuwa ni kazi yao. Mara moja kwa wiki ingetosha kuanzia.

Na tusidhani habari hii ni ya wachache walioko kwenye mashine. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2025 katika jarida la Lancet, uliofanyika kwenye hospitali za nchi 22 za Afrika, ulikuta kwamba mmoja kati ya kila wagonjwa wanane waliolazwa yuko mahututi, na kwamba karibu asilimia 70 ya hao mahututi wako wodi za kawaida, si ICU. Hao wanapumua kwa barakoa ya oksijeni inayowakausha vinywa, wamelala chali, muuguzi mmoja ana vitanda 30. Mtu wao wa karibu ni binti au shemeji aliyekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Huyo akifundishwa kwa dakika tano, anaweza. Japani walifuatilia wazee katika nyumba 11 za kulelea kwa miaka miwili: waliosafishwa vinywa kila baada ya mlo, asilimia 11 walipata nimonia, wasiosafishwa hivyo, asilimia 19. Hakukuwa na mashine humo. Mgonjwa wa kiharusi anayerudishwa nyumbani na mpira wa puani anahitaji mswaki kuliko anavyohitaji supu ya pweza. Mwinueni akae, maji yawe kidogo sana, sugueni, mfuteni kwa kitambaa safi mnapoendelea ili asipaliwe.

Nchi hii mwaka 2021 ilikopa kutoka IMF zaidi ya shilingi trilioni 1.3 za kupambana na athari za UVIKO-19, na sehemu ya fedha hizo ikajenga ICU na vyumba vya dharura mikoani. Niliingia katika jengo moja jipya la aina hiyo, mashine zinang'aa, skrini kila kitanda, oksijeni inatoka ukutani. Nikafungua kabati la vifaa. Mipira ya kupumulia ya saizi zote ilikuwamo. Miswaki sifuri. Aliyeandaa orodha ya vifaa hakuwa mtu mbaya, ila hakuna mtu aliyemwambia kwamba ukimwekea mtu mpira mdomoni umechukua na dhamana ya mdomo huo.

Mwaka wa fedha unaanza Julai, na makisio ya wodi hukusanywa miezi kadhaa kabla. Kwa hiyo wauguzi wakuu wenzangu, mkijaza fomu ya mahitaji safari hii, andikeni hivi: mswaki wa mtoto, nyuzi laini, mpini mrefu kiasi, mmoja kwa kila mgonjwa anayeingia, na wa akiba kwa kila anayekaa zaidi ya wiki. Dukani mmoja haufiki shilingi 2,000, na kwa jumla utashuka. Mhasibu akiuliza kwa nini hospitali inanunua miswaki, mpeni bei ya meropenemu ya siku saba akalinganishe mwenyewe. Na miswaki ikifika, ikae kwenye toroli la dawa, si kwenye kabati la ofisini, kwa sababu kabati hilo hufungwa saa tisa na nusu alasiri na ufunguo huondoka na mwenyewe.